WAKILI NI WA NANI?
Neno la Mhariri kwa Mwanachama Anunuaye Nyumba au Kiwanja



Majuma haya machache karatasi moja imekuwa ikipita mikononi mwa watu wetu, kutoka karakana hata stesheni, na kutoka stesheni hata kwenye nyumba tunamolala. Karatasi hiyo yatangaza viwanja vya futi 50 kwa 100, kila kimoja shilingi 900,000. Yasema arubuni ilipwe kabla ya Ijumaa, kwa maana viwanja vinakwisha. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, yasema ya kwamba gharama ya wakili imo ndani ya bei.

Twataka kusema neno juu ya herufi hizo ndogo. Hatusemi kwamba wauzaji hawa ni wezi. Hatuwajui. Lakini hilo ndilo shauri lenyewe, ya kuwa hatuwajui, na tunaombwa kuwapa akiba ya miaka kumi katika siku tano. Na wakili ambaye malipo yake yatoka katika mfuko wa muuzaji, je, ni wakili wa nani?

Alikuwako mzee mmoja aliyenifundisha kazi nilipoingia reli. Jina lake silitaji, kwa kuwa amekwisha kuona haya ya kutosha. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua kiwanja. Muuzaji alikuwa na wakili, mwenye ofisi nzuri na mhuri mkubwa. Mzee alitia sahihi, akapewa nakala, akarudi nyumbani akafurahi na mama watoto. Baada ya miaka miwili alipeleka mawe ya kujengea, akakuta msingi wa mtu mwingine umekwisha chimbwa. Alipokwenda katika rejista ya ardhi aliambiwa kwamba kiwanja kile kilikuwa kimewekwa rehani tangu kabla hajakinunua, na mwenye kuikopesha fedha alikuwa amekwisha kukiuza. Basi akaenda kwa yule wakili kumwuliza. Akajibiwa hivi: "Mzee, mimi nilikuwa wakili wa muuzaji. Wewe hukuwa na wakili."

Ndugu, maneno hayo yalikuwa makali, lakini yalikuwa ya kweli. Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa na wanachama maswali mengi juu ya mambo haya, wengine njiani, wengine wakati wa chakula. Leo tumeyakusanya tuyajibu hapa, kila moja kwa zamu yake.

SWALI LA KWANZA: Je, ni lazima niwe na wakili? Je, haitoshi kuandikiana mbele ya mashahidi?

Sheria ya Kenya yasema mapatano ya kuuza ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Neno la mdomo, hata likisemwa mbele ya wazee mia, ni vigumu kukusaidia mahakamani. Tena Sheria ya Mawakili yakataza mtu asiye wakili kutengeneza kwa malipo hati za kuhamisha ardhi. Kwa hiyo dalali anayekuambia, "Nipe elfu tano nikuandikie kila kitu," anavunja sheria, na karatasi yake ni ya kufungia sukari.

Wengine husema, "Tuliandikiana kwa chifu." Chifu aweza kuwa shahidi mwema, lakini ofisi ya chifu si rejista ya ardhi. Mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika rejista. Hata watu wa kale walilijua jambo hili. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka jinsi nabii Yeremia alivyonunua shamba la jamaa yake kwa shekeli 17 za fedha. Hakumpa fedha tu wakaachana. Aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha katika mizani, kisha hati zikatiwa katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Na yule alikuwa akinunua kwa mtu wa ukoo wake. Sisi twanunua kwa mtu tuliyemwona katika karatasi.

SWALI LA PILI: Nitajuaje kama huyu ni wakili wa kweli?

Kila wakili wa Kenya lazima awe na cheti cha kufanyia kazi, na cheti hicho hutolewa kwa mwaka mmoja tu, kisha hufanywa upya. Chama cha Mawakili wa Kenya, kiitwacho LSK, huweka majina yao katika mtandao wake, na mtu yeyote mwenye simu aweza kutafuta jina na kuona kama lina cheti cha mwaka huu. Usione haya kutafuta. Mkubwa wa stesheni hampi mtu gari la moshi aendeshe kwa sababu amevaa kofia ya dereva. Kisha nenda mwenyewe ofisini kwake. Usikubali kukutana na wakili hotelini au ndani ya motakaa ya dalali.

Na swali la kumwuliza kwanza ni hili: "Bwana Wakili, katika shauri hili wewe ni wakili wangu mimi, au wa muuzaji, au wa wote wawili?" Akisema ni wa wote wawili, mshukuru, utafute mwingine. Siku ya amani mtu mmoja aweza kuwatumikia mabwana wawili, lakini siku ya ugomvi atamfuata yule anayemletea kazi kila mwezi. Muuzaji wa viwanja mia humletea kazi mara mia. Wewe utamletea mara moja katika maisha yako.

SWALI LA TATU: Wakili hufanya kazi gani hasa hata nimlipe?

Kwanza, hupekua rejista. Huomba katika ofisi ya ardhi taarifa ya kiwanja, nayo huonyesha jina la mwenyewe, ukubwa, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama juu yake. Kwa Nairobi shauri hili hufanyika katika mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzishwa mwaka 2021. Wakili mwema haishii hapo. Huomba pia ile kadi ya kijani, ambayo huonyesha jinsi ardhi ilivyotoka mkono huu hata mkono ule tangu mwanzo.

Pili, hukuambia umtafute mpima ardhi, aende na ramani akuonyeshe mawe ya mipaka. Wako watu walioonyeshwa kiwanja kizuri karibu na barabara, kumbe namba iliyo katika hati ni ya kiwanja kilicho bondeni kwenye maji.

Tatu, husoma mapatano ya kuuziana kabla hujatia sahihi, ayageuze mahali panapokuumiza. Hutazama itakuwaje muuzaji akishindwa kutimiza, na arubuni yako itarudije.

Nne, huhakikisha ruhusa zote zimepatikana. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, yahitajiwa kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria yake ni ya mwaka 1967, nayo yataka maombi yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano kufanywa, na pasipo kibali yahesabu mapatano hayo kuwa batili. Ikiwa ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka mume na mke wote wawili wakubali. Mtu akikuuzia nyumba huku mkewe yuko ndani hana habari, umenunua kesi. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kutoka kwa Serikali, lazima ijulikane imebakiza miaka mingapi, na kama kodi yake imelipwa. Na kodi za kaunti nazo lazima ziwe zimelipwa, na cheti chake kionekane. Ikiwa wanunua nyumba ndani ya jengo la ghorofa, wakili atazame kama itapata hati yake yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 inayohusu majengo ya namna hiyo, au kama utapewa karatasi tu ya kampuni.

Tano, hupeleka hati ya kuhamisha ikaandikwe, hata jina lako liingie katika rejista. Hapo ndipo kazi yake inapokwisha, wala si siku ile ya kutia sahihi na kupigwa picha.

SWALI LA NNE: Gharama ni kiasi gani?

Malipo ya wakili huongozwa na Amri ya Malipo iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, nayo hupanda kufuata bei ya mali. Mwambie akuandikie hesabu yote tangu mwanzo: malipo yake, VAT ya asilimia 16 ikiwa ofisi yake huitoza, na gharama za rejista. Usikubali kuambiwa, "Tutaonana baadaye."

Mbali na wakili kuna ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi. Katika miji ni asilimia 4 ya thamani, na mashambani ni asilimia 2, kwa thamani anayoikubali mthamini wa Serikali. Kwa kiwanja cha shilingi 900,000 mjini, hiyo ni shilingi 36,000. Mashambani ni 18,000. Hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato, wala si kwa mkono wa mtu. Kodi ya faida ya kuuza, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni juu ya muuzaji. Usikubali kubebeshwa mzigo huo kwa kutojua.

Basi ndugu atasema, "Fedha hizi ni nyingi, heri nimtumie wakili wao wa bure." Ndugu, wakili wa bure hayuko. Ile karatasi yasema gharama yake imo ndani ya bei. Maana yake ni kwamba wewe ndiwe umlipaye, lakini mwenzako ndiye amwamuruye.

SWALI LA TANO: Fedha nimpe nani?

Usimpe dalali. Usimpe muuzaji mkononi. Usitume katika simu ya mtu. Desturi ni kulipa arubuni ya asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, yaani shilingi 90,000 kwa kiwanja cha 900,000, nayo mara nyingi hushikwa na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote mbili mpaka mambo yatimie. Lakini neno hilo lazima liandikwe katika mapatano. Fedha za mteja lazima ziwekwe katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za wakili mwenyewe. Lipa kwa benki, kisha shika risiti na uitunze kama unavyotunza kitambulisho.

Na upekuzi wa rejista uje kabla ya arubuni. Yeyote anayekuambia ulipe kwanza ndipo atakuonyesha hati, yeye ni hatari. Sisi watu wa reli twaijua kanuni hii kuliko wengine. Dereva haondoki kwa sababu abiria wamechoka kungoja, wala kwa sababu Ijumaa imefika. Huondoka akipewa njia.

SWALI LA SITA: Mbona huchukua siku nyingi?

Mapatano mengi huweka siku 90 kati ya kutia sahihi na kumaliza. Katika siku hizo vibali hutafutwa, madeni ya ardhi hulipwa, rehani huondolewa, na thamani hukadiriwa. Mwisho wake muuzaji hutoa hati yenyewe, hati ya kuhamisha iliyotiwa sahihi, nakala za kitambulisho na za PIN, picha, na vyeti vya kodi. Nawe hutoa fedha zilizobaki. Mwenye haraka kuliko hapo, mwulize sababu.

Ikiwa wanunua kwa mkopo wa benki au wa chama chetu cha akiba na mikopo, kutakuwa na wakili wa mkopeshaji pia. Huyo naye si wako. Yeye hulinda fedha za mkopeshaji. Mawakili hupeana ahadi kwa maandishi kwamba hati zikisajiliwa fedha zitatolewa, na ahadi ya namna hiyo humfunga wakili mwenyewe. Lakini lazima awepo wakili wa upande wako wa kuipokea na kuisoma.

SWALI LA SABA: Nikishika hati mkononi, je, si nimesalimika?

Hapana. Mambo hapa yamegeuka, na wengi wetu hawajapata habari.

Zamani watu walisema, "Mimi nilinunua kwa nia njema, hati ninayo, yaliyopita kabla yangu hayanihusu." Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati ya kiwanja karibu na bahari. Mahakama ilisema kwamba ardhi ile hapo kwanza ilitolewa kinyume cha sheria, na hati iliyozaliwa na kosa hilo haiwezi kulindwa, hata mikononi mwa mtu aliyenunua baadaye. Mwaka huo huo, katika kesi nyingine, Mahakama hiyo ilisema ya kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake si umiliki.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba haitoshi kutazama tawi. Yapasa kuchimba hata mzizi. Ardhi hii ilitoka kwa nani? Je, ilikuwa ya umma? Ilikuwa njia, shule, uwanja, au akiba ya reli? Sisi wenyewe twajua kwamba kando ya njia ya reli kuna ardhi iliyowekwa kwa kazi ya reli, na bado wako watu wanaoigawa na kuiuza.

Mmesikia ya Syokimau, Novemba 2011, jinsi nyumba zilivyobomolewa juu ya ardhi iliyodaiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, nao wenye nyumba wakiinua karatasi zao juu. Mmesikia ya Athi River, Oktoba 2023, juu ya ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya East African Portland Cement. Tingatinga halisomi risiti. Wengi waliobomolewa walikuwa watu kama sisi, wenye mishahara, waliojenga chumba kimoja kimoja kila mwaka.

Kwa hiyo mwambie wakili wako kwa maandishi: "Nataka uchunguze historia ya ardhi hii tangu ilipotolewa mara ya kwanza, na unipe majibu kwa maandishi." Akisema si lazima, huyo hajui kesi ya 2023, au hataki taabu.

SWALI LA NANE: Na wakili wangu mwenyewe akinikosea?

Wako mawakili wema wengi, na wako wachache walao fedha za wateja. Iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo ya Serikali, na iko Mahakama ya Nidhamu ya mawakili. Mwanachama aweza kupeleka barua yake mwenyewe. Lakini barua isiyo na risiti ni kilio tu. Weka kila karatasi. Kila mkizungumza kwa mdomo, mwandikie baadaye barua fupi: "Leo tulisema hivi na hivi."

Sasa ndugu, twarudi kwenye ile karatasi ya Ijumaa.

Sisi katika chama tumezoea kusimama pamoja mbele ya mwajiri. Hakuna mwanachama anayekwenda peke yake kuzungumza juu ya mshahara huku upande wa pili umeketi na wakili wake. Lakini katika kununua nyumba, ambayo ni fedha nyingi kuliko mshahara wa miaka, kila mmoja wetu huenda peke yake, usiku, kwa siri, akiogopa mwenzake asimtangulie. Wauzaji wanajua hivyo. Ndiyo maana wameandika "viwanja vinakwisha."

Twatoa mashauri matatu kwa mkutano wa tawi ujao.

La kwanza: wote waliokwisha kuandika majina katika karatasi ile wasilipe Ijumaa. Wakutane, wachange, wamwajiri wakili mmoja wa upande wao, apekue rejista ya shamba lote kabla ya senti moja kutoka. Watu 20 wakichanga, gharama ya upekuzi wa shamba moja huwa ndogo kwa kila mmoja. Muuzaji mkweli hatakimbia kwa sababu ya siku chache. Akikimbia, mtakuwa mmeokoka kwa bei rahisi.

La pili: chama kiweke orodha ya mawakili ambao wanachama wamewatumia wakamaliza salama, na orodha hiyo itazamwe upya kila mwaka kama vyeti vyao vilivyo. Asiingizwe wakili kwa kuwa ni ndugu wa kiongozi, wala kiongozi yeyote asipokee kitu kwa kumleta mwanachama kwake.

La tatu: tuombe halmashauri ya chama chetu cha akiba na mikopo isitoe mkopo wa kununua ardhi mpaka mwanachama alete taarifa ya rejista na jina la wakili wake mwenyewe. Wengine watasema hiyo ni kuwasumbua watu. Ni kweli, itawasumbua. Lakini mkopo hulipwa hata kama kiwanja kimepotea. Yule mzee wangu alilipa kiinua mgongo akabaki mikono mitupu. Mwanachama aliyekopa atabaki mikono mitupu, na mshahara wake ukikatwa miaka minne juu yake.

Mzee yule bado yu hai. Amepanga chumba kimoja. Nilipomwambia ya kuwa nitaandika habari hii, aliniambia nisisahau neno moja: kwamba siku ile ya kutia sahihi aliona aibu kuuliza, kwa sababu wakili alikuwa amevaa suti na yeye alikuwa na buti za kazi.

Ndugu, uliza. Ukiwa na buti, uliza. Fedha ni zako, na wakili umwajiriye ni mfanyakazi wako, kama vile sisi tulivyo wafanyakazi wa mwingine. Mkutano wa tawi utakuwa kabla ya Ijumaa. Njoni na ile karatasi.

Mhariri